Ndizi Isiyokuwemo

Tulikuwa wanne barazani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, saa mbili usiku, na chupa moja ya bia mezani. Chupa ya sentilita 33. Ukiigawa kwa wanne, kila mtu anapata mafunda machache tu, na lazima ayanywe kwa hesabu.

Mdogo wangu anasoma Ghent, Ubelgiji. Aliporudi likizo alikuja na chupa mbili, amezifunga kwenye khanga katikati ya nguo. Zimepanda ndege, zikalala Dar es Salaam, kisha zikapanda treni kilomita zaidi ya 1,200 hadi huku mwisho wa reli. Aliponikabidhi akanipa masharti mawili: zisimame wima siku tatu ili mashapo yatulie, na zisipozwe kupita kiasi.

Sharti la kwanza nililitimiza. La pili nililipuuza. Chupa ililala kwenye friji tangu asubuhi, na jioni ilitoka ikitiririka jasho.

Tulipoonja, sikusikia kitu. Baridi, utamu, halafu joto la kilevi likishuka kifuani. Wenzangu wawili wa kazini wakaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesifu chakula cha mwenyeji.

Kisha simu ikaita. Kazi yetu ni karatasi za mizigo inayovuka ziwa, na kulikuwa na shehena ya saruji ya Bujumbura iliyoandikwa namba zisizolingana. Nikasimama uani gizani, nikisomeana tarakimu na mtu wa bandarini kwa dakika kama arobaini. Niliporudi, glasi yangu ilikuwa na mafunda mawili yaliyobaki, na ubaridi ulikuwa umekwisha.

Nikaiinua. Kabla haijafika mdomoni nilikuwa Kasulu, nyuma ya nyumba ya Bibi, asubuhi ile ambayo majani yanafunuliwa juu ya shimo la ndizi.

Mwenzangu mmoja aliona nimetulia. Akauliza, "Vipi, unasikia nini?"

Nikajibu, "Zabibu kavu. Na chokoleti kwa mbali."

Wakanusa glasi zao, wakakubali.

Ni wiki sita sasa, na jibu lile halijaniacha.

## Mtawa wa kwenye lebo

Bia yenyewe inaitwa St. Bernardus Abt 12. Kwenye lebo kuna mtawa anatabasamu, glasi mkononi, na mimi nikaamini moja kwa moja kwamba imepikwa na watawa. Mdogo wangu akanisahihisha usiku uleule, na hadithi aliyonipa nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1946 watawa wa abasia ya Sint-Sixtus, huko Westvleteren, hawakutaka tena biashara ya pombe iwamalizie muda wao. Wakampa kibali mtu wa kijiji cha jirani cha Watou, karibu na mpaka wa Ufaransa. Mtu huyo, Evarist Deconinck, alikuwa mtengeneza jibini. Mpika bia wa abasia, Mathieu Szafranski, akahamia naye na kanuni za upishi, na hamira pia. Kwa miaka 46 kijiji kikapika bia iliyobeba jina la watawa.

Mwaka 1992 kibali kikaisha. Watawa wa shirika lao waliona kwamba bia inayouzwa kwa jina lao inapaswa kupikwa ndani ya kuta za monasteri, na hilo ndilo sharti lao hadi leo. Kiwanda kidogo cha Watou kikaendelea kupika kwa jina lake chenyewe, na wenyewe wanasema hamira yao ni ya ukoo uleule wa tangu 1946.

Jina likarudi ndani ya ukuta. Hamira ikabaki nje.

Nilipenda zaidi kwamba aliyeaminiwa alikuwa mtu wa jibini. Mtu aliyezoea kuacha maziwa yageuke taratibu bila kuyaharakisha. Huku kwetu pia, mwanamke anayejua kugandisha maziwa mara nyingi ndiye huyo huyo anayeitwa pombe ya harusi inapogoma.

Ile 12 si asilimia ya kilevi. Kilevi ni asilimia 10, mara mbili ya bia tuliyoizoea, kwa hiyo kuigawa kwa wanne hakukuwa uchoyo.

Sisi wa Kigoma Wabelgiji tunawajua kwa njia nyingine. Waliuchukua mji huu kutoka kwa Mjerumani mwaka 1916. Mwaka 1921 wakamwachia Mwingereza, lakini wakabaki na eneo lao bandarini kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Mtu wa mizigo hawezi kuisahau faranga hiyo. Ni kodi ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Kwangu Ubelgiji ilikuwa mkataba na gati. Haikunijia kabisa kwamba nako kuna watu wanaokesha wakisikiliza pombe inavyochacha.

## Baridi au moto?

Marehemu mjomba wangu alikuwa mtu wa reli, na maisha yake yote aliagiza ya moto.

Tulimcheka. Tuliona ni tabia ya mtu aliyezeekea kwenye stesheni zisizo na umeme. Yeye hakujitetea, ila mara moja tu, tukiwa Ujiji, aliposukuma pembeni chupa niliyomnunulia na kuniambia, "Ya baridi unakunywa friji, mjomba."

Nimesoma sasa, na nimeelewa alichokuwa anakisema. Harufu ya kinywaji ni chembe zinazoruka kutoka juu yake. Kinywaji kikiwa baridi sana, chembe hizo hazinyanyuki, na ulimi nao unakufa ganzi. Bia nyepesi ya kukata kiu haipotezi kitu hapo, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya harufu nyingi. Lakini bia nzito na nyeusi ya namna hii hunywewa kwenye nyuzi 10 hadi 15 hivi. Kule kwao hicho ni kibaridi cha stoo ya chini ya nyumba. Huku kwetu hali hiyo haipo. Ipo tu kwa dakika chache, wakati kinywaji kinapotoka kwenye friji kikielekea kwenye joto la baraza.

Nilipokuwa uani na tarakimu za saruji, glasi yangu ilikuwa inapita hapo katikati.

Sisemi mjomba alikuwa sahihi kwa kila chupa. Bia ya kawaida ya moto bado siiwezi. Ninachosema ni kwamba mtu yule alikuwa na sababu, sababu iliyotoka puani mwake mwenyewe, na sisi hatukumuuliza hata siku moja.

## Inatoka wapi?

Siku tatu baada ya usiku ule nilimpigia mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshashuka Dar kuwaona ndugu wa huko. Nikamuuliza kama watu wa Watou wanatia ndizi.

"Hakuna ndizi. Soma lebo, kaka."

Nikasoma. Maji, kimea cha shayiri, sukari, hopsi, hamira. Basi.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi kidogo. Kama ndizi haimo, nilichokinusa ni nini? Nilifikiria kwamba labda ni kumbukumbu tu, kwamba nilikuwa nimechoka, nimemkumbuka Bibi, na pua ikanitungia. Nililiamini hilo kama wiki nzima. Ilikuwa rahisi kuliamini, kwa sababu lilinisamehe: kama ndizi haikuwepo, basi sikuwa nimeificha.

Lakini ilikuwepo. Hamira inapokula sukari haitoi kilevi na hewa peke yake. Inatoa pia manukato, na moja kati ya hayo ni kitu wanachokiita isoamili asetati. Ndizi inapoiva hutengeneza kitu hicho hicho. Ndicho kinachokufanya utambue ndizi mbivu chumbani kabla hujaiona. Bia za kawaida huchachushwa kwenye ubaridi, nyuzi kama 10, polepole, na hamira hukaa kimya. Hizi za Kibelgiji huchachushwa kwenye joto, zaidi ya nyuzi 20, na sukari ni nyingi. Hamira inasema kila ilicho nacho. Ile harufu ya karafuu inayokuja nyuma ni yake pia. Hakuna aliyetia karafuu.

Zabibu ilikuwepo kweli, sikuitunga. Weusi wa bia za aina hii mara nyingi unatoka kwenye sukari iliyopikwa hadi ikageuka rangi, kama ile inayonata kwenye kingo za sufuria ya kashata, nayo huleta ladha ya tende na zabibu kavu. Ndiyo maana jibu langu lilipita mezani bila mtu kulitilia shaka.

Chokoleti niliiongeza mimi.

## Shimo

Bibi hakupima kitu kwa saa wala kwa kipimo.

Ndizi zilikatwa zikiwa mbichi. Shimo lilichimbwa nyuma ya jiko, likawashiwa majani makavu mpaka kuta zake zikapata joto, majivu yakazolewa, likatandikwa majani mabichi ya mgomba. Ndizi zikapangwa ndani kwa safu, zikafunikwa majani tena, juu yake udongo. Zikavundikwa humo siku nne au tano, kutegemea mvua. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Bibi alikuwa akipita asubuhi, anainama, ananusa udongo, anaendelea na shughuli zake. Siku moja anainama, anakaa pale muda mrefu kidogo, halafu anatuita.

Kazi yangu ilikuwa kuondoa udongo kwa mikono. Jembe halikuruhusiwa, lingechana ndizi. Unafika kwenye majani, yameshalainika na kuwa kahawia, unafunua la kwanza, na joto linakupiga usoni. Ndizi iliyopitiliza kuiva, moshi wa siku nyingi, udongo uliolowa, na chini ya vyote hivyo ukali fulani unaochoma pua, ambao sikuwa na jina lake. Ulikuwa kama karafuu.

Kisha maganda, kisha mtumbwi: gogo lililochongwa, jeusi kwa miaka, ambalo sikuwahi kuliona likisuguliwa kwa sabuni. Ndizi zilikamuliwa humo na nyasi mpaka maji yakatoka mazito, yakachujwa, yakaongezwa maji, ukanyunyizwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Juu yake majani ya mgomba.

Kesho yake alfajiri Bibi alinishika shingo akanisogeza kwenye ukingo wa mtumbwi. "Weka sikio."

Nikaweka. Ilikuwa inaongea. Mlio mdogo mdogo, mwingi, kama mvua ikianza kwenye majani makavu.

"Inachemka bila moto," aliniambia. "Usiipigie kelele."

## Kwa nini zabibu

Darasa la tano mwalimu alituuliza mmoja mmoja, wazazi wetu wanafanya kazi gani. Mimi nilikuwa nalelewa na Bibi. Nikasema, "Bibi analima."

Alikuwa analima, ndiyo. Lakini sare niliyoivaa siku ile ilitoka kwenye mtumbwi. Daftari zilitoka kwenye mtumbwi. Baadaye ada ya sekondari nayo. Na kila mtoto darasani alijua watoto wa wapika pombe wanaitwaje wakati wa mapumziko.

Kwa hiyo lile jibu la barazani halikuwa la kwanza. Ni jibu lilelile. Mara zote mbili nilitaja kitu cha kweli ili nisitaje kile kingine.

Hilo ndilo lililonisumbua kwa wiki zote hizi, kuliko kemia. Nilikuwa mezani kwangu, mbele ya watu wanaonipenda, na hakuna aliyekuwa anaandika majina. Pua yangu ilitambua kitu mara moja, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao kwenye kinywaji chochote. Nami nikaenda kuazima maneno ya watu ambao hawajawahi kufunua shimo. Zabibu zenyewe huku zinaonekana mwezi wa Ramadhani na kwenye pilau ya harusi. Ndizi nimeishi nayo. Ila niliona ndizi haitoshi kuisifu bia iliyopanda ndege.

Mwaka 2009, mara ya mwisho nilipomwona Bibi, alinimiminia kibuyu. Nilimwambia ningependa soda. Akamtuma mtoto dukani.

Sitaki kupamba. Pombe ya Bibi haikuwa sawa na ya Watou, na kusema ziko sawa ni kumdanganya tena kwa njia nyingine. Ya Watou hukaa miaka chupani na kuzidi kukomaa. Ya Bibi siku ya tatu ilikuwa imeanza uchachu, siku ya tano haifai. Ya Watou ni ya kuonja kidogo kidogo. Ya Bibi ilikuwa ya kuondoa uchovu wa jembe, nyepesi, ya watu kumi kwenye duara na mirija. Tena si kila aliyeingia ua wake alitoka salama. Nimeona watu wakipigana pale. Nimemwona Bibi akizima taa saa moja na nusu, mtumbwi ukiwa bado nusu, kwa sababu ameona macho ya mteja fulani na anamjua mke wake.

Lakini alichokijua alikijua. Kunusa udongo na kusema leo. Watu wa Watou nao wana mtu wa namna hiyo, na wanamheshimu.

## Chupa ya pili

Jumamosi iliyopita nilipanda basi dogo kwenda Kasulu, chupa ya pili imesimama katikati ya magoti yangu. Sikuigusisha friji.

Mama mkubwa ndiye aliyebaki na mtumbwi. Siku hizi anapika mara chache, kukiwa na shughuli. Nilimkuta ametoka kukamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nilimimina kwenye kikombe cha bati, taratibu, nikaacha kidole kimoja cha mashapo chini ya chupa kama nilivyofundishwa. Povu likapanda, la rangi ya chai ya maziwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Alinusa, akakitoa, akanusa tena.

"Hii ilifunikwa vizuri," akasema. Halafu, "Ina siku ngapi?"

Nikamwambia ni miezi mingi, huenda imepita mwaka. Aliniangalia kuona kama nacheza.

"Unasikia nini, mama?"

"Ndizi," alisema, bila kufikiri hata kidogo. "Si hizi zetu. Kama zimepikwa kwenye sukari kwanza." Akanywa funda, akalishikilia mdomoni. "Mwisho kuna uchungu. Kama gome la dawa."

Uchungu ule sikuwa nimeuona kabisa. Nikanywa, nikausubiri, ukaja: wa hopsi, nyuma kabisa, baada ya utamu wote kuondoka. Nikamweleza kwamba ni maua ya mmea unaotambaa juu ya nguzo, kwamba yanalimwa pale pale karibu na kiwanda, na yanazuia pombe isiharibike. Akataka kujua kama mmea huo unaota huku kwetu Buha. Nikasema sijui. Akasema niulize.

Kisha nikamwambia. Kuhusu zabibu na chokoleti, na kuhusu darasa la tano. Nilidhani litakuwa jambo gumu kulisikia. Aliendelea kunywa kidogo kidogo.

"Bibi yako alijua," akasema. "Mwalimu wako alikuwa anakuja pale kila Ijumaa. Alimsimulia jioni ileile."

Sikuwa na la kusema. Nilimuuliza Bibi alijibu nini.

"Alisema, si analima kweli?"

Tulimaliza kikombe. Nikaichukua chupa niisuuze kwenye ndoo. Ile ya kwanza niliioshea maji ya moto usiku uleule, nikaiweka kwenye kabati la vyombo iwe pambo.

"Usiioshe."

Aliniomba chupa, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaizungusha. Mashapo yakatembea chini, meupe mazito. Akaenda nyuma na upawa, akachota maji ya ndizi aliyokuwa amekamua asubuhi, akayamimina chupani kwa faneli ya jani. Alitikisa, akafunga mdomo kwa kipande cha jani la mgomba na kamba, akaiweka karibu na mafiga, mahali ambapo jiwe linabaki na uvuguvugu usiku kucha. Hakunieleza anafanya nini. Nilikuwa naelewa.

Basi la kurudi linaondoka alfajiri. Saa kumi na moja nilisikia ananiita kutoka jikoni, kwa sauti ya chini. Aliinama karibu na mafiga, akalegeza kamba, akalishikilia lile jani pembeni kwa kidole kimoja.

Nikapiga magoti, nikaweka sikio.